Leo Msimpokee Kalekye

Ukifika soko la Katangi ukiwa na swali lolote, la siasa, la ng'ombe, la ndoa au la mvua, usihangaike kwenda kwa chifu. Pita duka la mbegu, zunguka mashine ya kusaga unga, na pale ukutani, ambapo rangi ya buluu imegeuka nyeupe kwa unga wa miaka mingi, utakuta benchi la mti wa mukau na wanaume watatu waliokwisha kulijibu swali lako kabla hujaliuliza. Hawajaajiriwa na mtu. Kinachowaweka pale ni kahawa ya Wayua, ambayo yeye huinunua mbichi kutoka milima ya Mitaboni, huikaanga mwenyewe nyumbani, huitwanga pamoja na tangawizi, na kuileta kwa themosi mbili: ya kwanza asubuhi, ya pili ile ya kwanza ikiisha. Wateja wengine hununua wakaenda zao. Wale watatu hununua wakabaki.

Wa kwanza ni Kahiga, ambaye kijiweni anaitwa Ndengu. Alikuja huku Yatta kutoka Murang'a akiwa kijana, akaingia biashara ya nafaka, na tangu hapo haamini kwamba kuna kitu duniani kisichopimika kwa mizani. Wa pili ni mzee Wathome, jina la benchini Dipu, kwa sababu alilinda josho la ng'ombe mpaka serikali ilipolisahau likakauka. Wa tatu ni Bartholomew, fundi wa redio. Redio ikipelekwa kwake hairudi upesi, maana lazima aisikilize kwanza, na ndiyo sababu hata mkewe humwita Taarifa.

Asubuhi ile ya Jumanne, mwaka wa pili tangu masomo ya msingi yawe ya bure, Wayua aliimwaga kahawa mezani mara mbili, na hakuna aliyeona ajabu. Walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuzungumza. Lakini Wayua si mtu wa kumwaga kahawa. Siku ile roho yake ilikuwa juu, na sababu yake ilikuwa binti yake.

Shule ya msingi iliyoko juu ya soko ilikuwa na darasa moja la watoto wenye ulemavu, watu wakiliita uniti, nalo lilikuwa limewekwa katika ghala la zamani la mahindi ya msaada. Kalekye alikuwa humo. Alikuwa na miaka kumi na minne, alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na hata sasa maneno yake yalikuwa machache. Mwalimu wa uniti alikuwa Ndambuki, na mwalimu mkuu alimtaka Ndambuki huyohuyo akafundishe darasa la saba, kwa kuwa alama za shule zilikuwa zimeshuka na uniti, kwa maneno yake, haikuwa inatoa chochote. Ofisi ya elimu ya wilaya ikasema itatuma mtu aje aone kama Ndambuki anafanya kazi au anakula mshahara bure. Akionekana anakula bure, atahamishwa, ghala litafungwa, na Kalekye atarudi nyumbani kukaa mlangoni kama alivyokuwa akikaa zamani. Wayua aliijua hiyo zamani, na hakuitaka tena.

Jioni iliyotangulia, Ndambuki alikuwa amepita kwake.

— Mama Kalekye, huyo mtu wa wilaya akiingia darasani ataona nini? Ataona mimi nimeinama na watoto wamekaa. Nimemwambia aje benchini kwako, anywe kahawa kama mteja. Mimi nitamwachilia Kalekye kwa geti wakati wa mapumziko. Apitie nyumbani, achukue themosi ya pili, avuke barabara, amimine, awape watu. Peke yake.

— Na mimi nifanye nini?

— Wewe ukae tu.

— Na wale wazee?

Ndambuki alikuna kichwa.

— Hao ndio tuko na shida.

Shida yenyewe ilikuwa adabu. Katangi mtu akionekana anakuja na mzigo, anapokelewa. Hata kama mna ugomvi wa shamba, akija na mtungi wa maji kichwani utamtua kwanza, ndipo muendelee kugombana. Na wale watatu, pamoja na porojo zao zote, walikuwa watu wenye adabu. Kila Kalekye alipotokea barabarani ameshika kitu, hata kama ni kijiko, mmoja wao alisimama mbio, akaenda kumpokea, "lete mami, pole, pole sana." Kalekye, akiona mikono imebaki mitupu kabla kazi haijafika mwisho, alikaa chini vumbini akalia, na kesho yake hakutaka kushika kitu chochote. Ndambuki akawa anaanza upya. Tena na tena akaanza upya.

Muhula mzima mwalimu alikuwa amemwomba Wayua awaambie wale wanaume. Hakuwa amewaambia. Ungewaambiaje? Mume wake alipofariki, ni Kahiga aliyeleta mabati, ni Wathome aliyepanda juu kupigilia misumari na uzee wake wote. Kuwaambia wasimsaidie mtoto wake ilikuwa kama kuwaambia wasimsalimie. Kila siku alijiambia kwamba atasema kesho, na sasa kesho ilikuwa imefika imevaa viatu.

Taarifa ndiye aliyefungua kikao.

— Mtu wa wilaya anafika leo. Taarifa niko nayo ni kwamba anakuja na gari ya serikali. Bwana mkubwa, wa tai.

— Anakuja kufanya nini? Kahiga akauliza.

— Kuangalia kama Ndambuki anafanyanga kazi.

— Sasa si angetuuliza sisi? akasema Wathome. Tunakaa hapa kila siku. Nani anajua hii Katangi kutushinda?

Hapo baiskeli ya boda boda ilisimama kando ya mashine, akashuka mwanamke mfupi wa miwani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Wayua alimtambua mara moja, kwa kuwa Ndambuki alikuwa amemweleza: mama mfupi, wa miwani, anaitwa Muringo. Gari la ofisi lilikuwa halina mafuta. Lakini wale watatu walikuwa wakimngojea bwana wa tai, basi hawakuona kitu.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo mama. Karibu, keti, benchi ni ya watu wote, alisema Wathome, akasogea.

— Mlikuwa mnaongea nini? Msinyamaze kwa sababu yangu.

— Ni mambo ya mwalimu mmoja wa hapa, akasema Kahiga. Wewe ni mgeni, utasikia tu.

Wayua alimmiminia kahawa. Alitamani kumkanyaga Kahiga mguu. Lakini Kahiga alikuwa amekaa mbali na tayari alikuwa ameinua kidole, na Kahiga akiinua kidole hakishuki upesi.

— Mimi nitawaambia kwa nini waalimu wa ile uniti hawakai. Mwalimu wa kawaida amepewa gunia ya mahindi. Yote ni mahindi, anapima, anafunga, amemaliza. Ya uniti imechanganywa: mahindi, maharagwe, ndengu, kunde, na mawe kidogo. Kuna mtoto haoni vizuri, kuna mwenye hasikii, kuna wa kifafa, kuna Kalekye wetu. Wote kwa chumba moja, mwalimu mmoja. Utapima aje?

— Shida haikuwa gunia, ilikuwa ghala, alisema Wathome. Ile nyumba haina dirisha. Yule mwalimu wa kwanza kichwa kilimuuma muhula mzima, akaenda hospitali, hakurudi.

— Na wa pili? aliuliza yule mgeni.

— Wa pili alichukuliwa na mwalimu mkuu akasaidie darasa la nane wiki moja, alijibu Taarifa. Hiyo wiki haijaisha mpaka leo.

— Na yule wa tatu, akaongeza Kahiga, wenzake walimcheka. Akiingia stafrumu wanamuuliza, leo watoto wako wamefika namba ngapi, moja ama mbili? Akaomba uhamisho. Mtu hawezi kufanya kazi akichekwa kila siku kwa chai.

Mgeni alinywa kahawa yake taratibu. Wayua alianza kupumua kidogo. Mpaka hapo, lazima aseme ukweli, hawakuwa wamesema upuuzi. Lakini alilijua benchi lake. Kahawa ya kwanza huleta akili, ya pili huiondoa.

— Sasa swali ni hii, alisema Taarifa. Kama hao wote walienda, Ndambuki anabaki kwa nini? Na anafanya kazi kama mtu anafukuzwa.

— Marupurupu, akasema Kahiga. Lazima kuna kitu anaongezewa chini ya maji.

— Marupurupu gani na shati yake ni ile ile? Wathome akakataa kwa kichwa. Hapana. Mimi nimelinda josho, najua hii maneno. Mwalimu ni kama ng'ombe, na sisemi vibaya. Ukimtia dawa, kupe wanatoka, anang'aa. Lakini dawa inaisha kwa ngozi. Usipomrudisha josho, kupe wanarudi na anakonda. Hao wengine walitiwa mara moja tu huko chuoni, wakaachwa. Ndambuki yuko na mahali anatiwa tena.

— Wapi?

— Kola. Si dadake ameolewa Kola? Ijumaa anapanda baiskeli amechoka, shingo imelala hivi. Jumapili anarudi mtu mpya. Kuna kitu anaoga huko.

— Anaoga maji na anakula chakula ya dadake, akasema Kahiga.

— Maji ya wapi yanafanya mtu kupenda ghala? Hayo si maji ya kawaida. Nikipata chupa moja, nitamnyunyizia chifu.

Taarifa alikuwa amesubiri zamu yake kwa uchungu. Alishusha kikombe, akaangalia juu angani, na Wayua akajua kwamba sasa mambo yameharibika.

— Nyinyi mnaongea mambo ya hapa chini. Mimi nilienda kwa hiyo ghala kurekebisha taa, nikaona kwa haya macho. Huyo mwalimu anafundisha kinyume.

— Kinyume aje?

— Alikuwa anafundisha mtoto kufunga vifungo vya sweta. Mwalimu akafunga zote yeye mwenyewe, akabakisha ya mwisho. Mtoto akafunga hiyo moja, akapigiwa makofi kama ametoka vita. Siku nyingine nikapita, ameacha mbili. Nani anaanzanga kazi kwa mkia?

— Huo ni uvivu, alisema Kahiga. Yaani anafanya kazi ya mtoto na anamwachia makombo?

Wayua aliiweka themosi chini kwa kishindo. Mgeni alimtazama, kisha akamtazama Kahiga. Kahiga aliendelea kunywa kahawa yake, hana habari kwamba neno moja la kipuuzi linaweza kufunga darasa zima.

— Si uvivu, akasema Taarifa, na Wayua akamwombea baraka. Ni njia ya roketi.

Zile baraka Wayua akazirudisha.

— Roketi?

— Roketi wanahesabu aje? Kumi, tisa, nane, wanakuja chini. Wanaanza mwisho. Taarifa niko nayo ni kwamba Ndambuki alifundishwa na watu wa roketi. Wako huko juu na setilaiti, wanaangalia hiyo ghala usiku na mchana. Ndio maana hawaweki dirisha, wao wanaonea kwa mabati.

— Na watu wa roketi wanatafuta nini Katangi?

— Unafikiri wataanzia Nairobi mahali kila mtu anaona? Wanafundisha wale watoto wenye nyinyi mnasema hawajui kitu. Siku moja mtaamka mkute ghala imeenda.

— Imeenda na mwalimu ndani?

— Na mwalimu ndani. Na dereva ni Kalekye.

Benchi zima likacheka, Wathome mpaka akafuta macho. Wayua hakucheka. Kahiga ndiye aliyemwona, akaacha kucheka, akasema, pole Mama Kalekye, ni mdomo tu. Wayua akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akiitazama themosi, ambayo sasa ilikuwa nyepesi mkononi, na kuitazama barabara, ambayo ilikuwa na punda mmoja na hakuna mtu.

Mgeni alikuwa ametabasamu kidogo kwa habari ya roketi. Sasa akavua miwani, akaipangusa kwa leso.

— Wazee, niwaulize kitu kimoja. Huyo mwalimu akiwa amefanya kazi yake vizuri, mtajuaje?

Wathome alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Taarifa akasema, "Taarifa niko nayo," halafu akakwama, na watu waliomzoea watakwambia kwamba jambo hilo halikuwa limewahi kutokea.

— Wa darasa la nane tunajua kwa mtihani, Kahiga akasema mwishoni.

— Hawa hawafanyi mtihani huo.

— Eeh. Hapo sasa.

Wayua alimimina kilichobaki kwenye kikombe cha mgeni, na hakikufika nusu. Kahawa ya kwanza ilikuwa imeisha. Moyo wake ulimwambia kwamba mtoto amekaa chini njiani, au amelala nyumbani juu ya kochi, au amerudi shuleni, na Ndambuki kesho atakuwa mbele ya darasa la saba. Aliinua macho mara moja zaidi.

Kalekye alikuwa ng'ambo ya barabara. Sweta ya kijani ilikuwa imefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Themosi alikuwa ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

— Mtoto amebeba, alisema Kahiga, tayari ameshasimama.

— Nenda wewe Taarifa, uko na miguu, akasema Wathome, lakini naye alikuwa akiinuka, na Taarifa alikuwa amekwisha kupiga hatua.

Wayua aliyakumbuka yale maneno ambayo hakuwa ameyasema muhula mzima. Aliyaona mabati ya nyumba yake. Akamwona Wathome juu ya paa, misumari mdomoni. Halafu akamwona mtoto wake, jinsi alivyoshika ile themosi.

— Taarifa, rudi. Mzee Wathome, keti.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wanawake waliokuwa wakingojea unga waligeuka. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia Wayua akimwamuru mwanamume.

— Ati nini? akauliza Wathome.

— Ketini nyote. Na wewe Kahiga. Leo msimpokee Kalekye.

— Asi, Mama Kalekye, hiyo kitu iko moto na magari yanapita, akasema Taarifa.

— Naona. Ni mtoto wangu. Kaeni chini.

— Sasa tumekosa nini?

— Hamjakosa, nyinyi ni watu wazuri, na hiyo ndiyo shida. Mwalimu anajenga Jumatatu mpaka Ijumaa, na sisi tunabomoa Jumamosi na Jumapili tukisema pole mami, lete mami. Akifika karibu kumaliza, tunamnyang'anya. Mmeuliza tangu asubuhi kwa nini kazi ya ile uniti haiendi. Si Kola, si roketi. Ni hii mikono yetu.

Taarifa alirudi nyuma, akaketi. Kahiga akaketi. Wathome alikuwa wa mwisho, na kwa kuwa aliijua mikono yake, akaikalia.

Kalekye alisimama ukingoni mwa barabara. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Lori la mchanga likaja likinguruma, likapita, na vumbi likamfunika pasibaki chochote cha kuona. Kahiga alisema jina la Mungu kwa Kikikuyu. Vumbi liliposhuka, Kalekye alikuwa palepale, themosi kifuani, uso umekuwa mwekundu wa udongo. Alitazama tena kulia, tena kushoto. Kisha akavuka.

Akafika benchini hakumtazama mtu, hata mama yake. Aliiweka themosi juu ya meza. Akaanza kuzungusha kifuniko, kikakataa, maana alikuwa akikikaza. Akajaribu tena. Midomo yake ilianza kutetemeka, na Wayua akajua kinachofuata, alikuwa amekiona mara nyingi.

— Ule upande mwingine, Kahiga alinong'ona, hakuweza kujizuia.

Mgeni aliweka kidole mdomoni, na Kahiga akanyamaza.

Kalekye aliiachia themosi. Akaitazama mikono yake. Akaishika tena, akazungusha upande mwingine, na kifuniko kikatoka.

Alimimina polepole, ulimi nje, akakoma kabla ya ukingo. Ndambuki alikuwa amemfundisha hivyo kwa maji baridi, nyuma ya ghala, mpaka nyasi za pale zikastawi. Kikombe cha kwanza alikipeleka kwa Wathome, kwa mikono miwili. Mzee akaitoa mikono yake chini ya makalio, akakipokea. Lakini Kalekye hakukiachia. Alisimama pale, anamtazama mzee usoni, na kikombe kimeshikwa na watu wawili.

— Anataka nini? aliuliza Wathome.

— Anangoja asante, alisema Wayua. Hapo ndipo alipoanzia. Mara ya kwanza mwalimu alifanya yote, akamimina, akakileta kikombe mpaka kwa mtu, na kazi ya Kalekye ikawa ni kungoja asante tu. Akijua hiyo, akaongezewa kukipeleka. Halafu kumimina. Halafu barabara. Kwa mwalimu hajawahi hata siku moja kuachia kazi katikati, kila siku aliimaliza, hata kama alifanya kidogo. Huo ndio ule mkia mlikuwa mnacheka.

Mzee Wathome alikuwa amekunywa kahawa kwenye benchi lile tangu josho likauke. Alijaribu kukumbuka kama amewahi kumwambia mtu asante kwa ajili yake. Alikohoa kwanza.

— Ni muvea, mwanangu, akashukuru kwa Kikamba. Ni muvea muno.

Kalekye akakiachia kikombe, akacheka kwa sauti, akarudi mezani.

Kahiga, kwa haraka yake, alisema asante kabla kikombe hakijafika, na haikuhesabiwa. Ilibidi airudie. Taarifa aliisema kwa Kiswahili, kwa Kikamba na kwa Kiingereza, akitaka kuwa na uhakika. Mgeni aliisema kwa upole. Na hapo ndipo wanawake wa unga, ambao walikuwa wameacha magunia yao na kusogea hadi kwenye kona, walipopiga vigelegele, na mwenye mashine akazima mashine yake aje aone kuna arusi ya nani.

— Haya, alisema yule mgeni. Swali langu limejibiwa. Mimi ndiye yule bwana mkubwa wa tai.

Ilichukua muda neno hilo kuwaingia. Lilipowaingia, Taarifa alifunika uso kwa kofia.

— Mama, alisema Kahiga, lile neno nilisema la uvivu, tafadhali usipeleke ofisini. Hata hiyo ya roketi.

— La uvivu nimelisahau. La roketi nitalipeleka, hatujacheka ofisini siku nyingi.

Akasimama, akakung'uta vumbi.

— Mwalimu mkuu atatafutiwa mtu mwingine wa darasa la saba. Ndambuki ana darasa lake, na halitafungwa mimi nikiwa wilayani. Na hiyo ghala itobolewe madirisha.

— Kutoboa ni sisi, akasema Wathome. Hiyo usiseme tena, mama. Jumamosi tuko huko.

— Na wenye setilaiti? aliuliza Kahiga.

— Watazoea, Taarifa akajibu kutoka ndani ya kofia.

Wayua aliyasikia hayo yote kama mtu aliyeko chumba cha pili. Darasa halitafungwa. Alitaka kucheka, alitaka kukimbia mpaka shuleni amwambie Ndambuki, alitaka kukaa chini palepale. Furaha ilikuwa imempanda mpaka kichwani, na mikono yake hakujua pa kuiweka, maana kwa mara ya kwanza kwenye benchi lile haikuwa na la kufanya.

Kalekye hakuwa amemaliza. Aliinua themosi, akaitikisa, akasikia kwamba bado kuna kitu. Akachukua kikombe cha mwisho, kile chenye mpasuko ambacho wateja huwa hawakitaki, akakimiminia mpaka themosi ikadondosha tone la mwisho. Kisha akazunguka meza, akaja mbele ya mama yake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Miaka yote Wayua alikuwa amewapa watu kahawa pale, na hakuna aliyewahi kumpa yeye. Alikipokea. Kilikuwa moto, kilinukia tangawizi aliyoitwanga mwenyewe. Akasema asante, lakini haikutoka. Midomo ilicheza tu.

Kalekye hakuachia.

Taarifa akatoa uso kwenye kofia. Hata mgeni, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye boda boda, akangoja.

— Sema, Mama Kalekye, alisema mzee Wathome kwa sauti ya chini. Mtoto anangoja.

Wayua akavuta pumzi, akaisema tena, na safari hii waliisikia hadi ng'ambo ya barabara.

Ndipo Kalekye akakiachia kikombe.